Kiwiko cha tenisi: sindano haijengi kano

Leo naweka programu kando kidogo. Mliozoea kuja hapa kusoma habari za Linux na hifadhidata mtaniwia radhi, ingawa kwa maoni yangu mada hii inawahusu kuliko toleo jipya la programu yoyote. Nataka tuzungumze kuhusu kiwiko. Wengine huita kisukusuku. Kuna kile kifupa cha upande wa nje ambacho kikianza kuuma, kikombe cha chai kinakuwa mzigo, kitasa cha mlango kinakuwa adui, na mtu akikupa mkono wa salamu unatamani kujificha.

Maradhi haya huitwa kiwiko cha tenisi, na jina lenyewe linapotosha. Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi maishani mwao. Daktari Mjerumani aitwaye Runge, ambaye hutajwa kuwa wa kwanza kuyaeleza mwaka 1873, hakuwa akiandika juu ya wanamichezo. Alikuwa akiandika juu ya watu waliopata maumivu kwa sababu ya kuandika! Tenisi iliingia katika jina baadaye, miaka ya 1880, kupitia majarida ya udaktari ya Uingereza. Hata Sachin Tendulkar, ambaye kiwiko hiki kilimweka nje ya uwanja mwaka 2004 na kumfikisha kwenye upasuaji mwaka 2005, alikuwa mchezaji wa kriketi.

Kwa hivyo usiseme "mimi si mtu wa tenisi". Mwashi anayeshika mwiko kutwa, fundi wa mbao na bisibisi yake, mama mboga anayekata sukuma wiki kuanzia alasiri hadi usiku, anayefua na kukamua nguo za watu, na sisi tunaoshinda na kipanya mkononi, sote tumo. Tena tuwe wakweli: ushahidi unaohusisha ugonjwa huu na kazi za nguvu za mikono, hasa kushika kwa nguvu na kupinda kifundo cha mkono mara kwa mara, ni mzito kuliko ule wa kibodi na kipanya. Sisi wa tarakilishi tunapiga kelele zaidi kwa sababu tuna intaneti ya kupigia kelele.

Sasa hoja yangu, na nitaisema bila kuzunguka. Kiwiko cha tenisi kilichokaa miezi mitatu au zaidi hakihitaji kunyamazishwa. Kinahitaji kuimarishwa. Na sisi tunaendelea kulipia kunyamazishwa.

Hebu kwanza tuelewe mashine yenyewe inavyofanya kazi. Misuli inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole iko juu ya kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo. Misuli hiyo inajishikiza kwenye kile kifupa cha nje cha kiwiko kwa kano. Unapokunja vidole kushika kitu, misuli ya upande wa ndani ndiyo inayokunja. Lakini kama hakuna kitu kinachozuia, kifundo nacho kingekunjika na mshiko ungelegea. Jaribu mwenyewe: kunja kifundo chako kuelekea ndani kabisa, kisha ujaribu kukaza ngumi. Haikazi vizuri, sivyo? Ndiyo maana kila unaposhika kitu, misuli ya upande wa nje inafanya kazi kimyakimya kukisimamisha kifundo. Na ndiyo maana unashika kwa vidole halafu kinachouma ni kiwiko.

Kano hiyo ikichoshwa kupita uwezo wake, au ikizoea kukaa bure kisha ikabebeshwa mzigo wa ghafla, inachakaa. Mwaka 1979, Nirschl na Pettrone wa Marekani walieleza walichokikuta ndani ya viwiko walivyopasua. Kwa miaka mingi watu walidhani tatizo ni uvimbe wa moto, wakatibu uvimbe. Walichokikuta wao ni tishu iliyovurugika: nyuzi zisizo na mpangilio na vijishipa vya damu vilivyoota ovyo. Kwa lugha ya kwetu, si nyumba inayowaka moto. Ni nyumba ambayo kuta zake zimelegea. Huleti gari la zimamoto. Unaleta fundi wa kuijenga upya.

Lakini tunaleta zimamoto. Kiwiko kikiuma, wengi wanaishia kuchomwa sindano ya steroidi pale panapouma. Na kwa nini isipendwe? Inafanya kazi! Ndiyo, nimesema inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwa muda, kisha inakudai na riba.

Nambari hizi hapa. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 185. Waligawanywa makundi matatu: wa sindano, wa tiba ya viungo, na wa kusubiri tu huku wakipewa ushauri. Baada ya wiki 6, asilimia 92 ya waliochomwa sindano walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya 47 wa tiba ya viungo na 32 wa kusubiri. Ukiishia hapo, sindano ni bingwa. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Baada ya wiki 52 mambo yalikuwa yamepinduka: tiba ya viungo asilimia 91, kusubiri 83, na sindano 69. Soma tena hiyo. Waliochomwa sindano walikuwa nyuma ya watu ambao hawakufanyiwa chochote cha maana!

Bahati mbaya? Mwaka 2006, jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Brisbane, Australia, wa watu 198. Hadithi ileile: sindano ikaongoza kwenye wiki 6, kisha katika watu 65 waliokuwa wamefanikiwa kwa sindano, 47 wakarudi nyuma. Mwaka 2013, watafiti wa Australia wakafanya jaribio kali zaidi katika jarida la JAMA kwa watu 165, safari hii wakilinganisha sindano ya steroidi na sindano bandia. Baada ya mwaka mmoja, waliopona kabisa au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83 kwa steroidi na 96 kwa sindano bandia. Na maumivu kurudi? Asilimia 54 kwa steroidi, 12 kwa sindano bandia. Yaani dawa ilishindwa na maji ya chumvi.

Mwandishi wa programu anaijua hali hii vizuri sana. Mfumo unatoa ujumbe wa hitilafu kila dakika. Bosi anasema "maliza kabla ya Ijumaa". Unaficha ujumbe. Ijumaa skrini ni safi, bosi anafurahi, mteja analipa. Hitilafu iko palepale, ila sasa hakuna anayeiona mpaka siku data inapoharibika. Sindano inazima king'ora, na wewe, kwa kuwa husikii king'ora, unarudi kubeba mzigo ambao kano haijawa tayari kuubeba.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sisemi kila daktari anayechoma sindano ni mwizi. Daktari anamwona mgonjwa wiki ya 6, mgonjwa anacheka, wanapeana mkono. Mwezi wa sita mgonjwa hayuko pale tena. Yuko kwa daktari mwingine, au yuko nyumbani akinywa tembe za maumivu. Kila upande unaona nusu ya filamu. Lakini nusu ya pili imekuwa wazi tangu 2002. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa nambari zote mbili, ya wiki 6 na ya wiki 52, kabla ya kukunja shati.

Miezi saba kiwiko changu cha kulia kiliponisumbua, kliniki moja ambayo sitaitaja ilinitajia bei ya sindano kabla mtu yeyote hajaugusa mkono wangu. Hakuna aliyenipa kitu nikishike apime nguvu. Hakuna aliyeuliza nafanya kazi gani. Nilipouliza kuhusu mazoezi, niliambiwa "hayo ni ya baadaye". Nikavaa koti langu nikaondoka. Baadaye ya lini?

Sindano haiko peke yake kwenye duka hili. Kuna mashine za mawimbi ya mshtuko. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2005 yalihitimisha kwamba faida yake kwa ugonjwa huu ni ndogo au hakuna. Kuna sindano za damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine, ghali kweli kweli; mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 hayakuona faida ya maana kwa mgonjwa. Kuna upasuaji; mwaka 2018 watafiti wa Australia walilinganisha upasuaji halisi na upasuaji bandia, ambapo ngozi ilikatwa bila kano kuguswa. Utafiti ulikuwa mdogo, watu 26 tu, lakini upasuaji halisi haukuishinda ngozi iliyokatwa bure.

Na sisi wa teknolojia tuna dhambi yetu wenyewe, jamani. Sisi tunanunua. Kiwiko kikiuma tunanunua kipanya cha kusimama wima, kibodi iliyogawanyika katikati, mkanda wa kiwiko, kiti chenye vidhibiti vingi kuliko ndege. Sina ugomvi na vitu hivyo. Kipanya kinachokaa vizuri kitakupunguzia bughudha, na mkanda unaweza kukusaidia kumaliza siku. Lakini hakuna kifaa kitakachokuinulia uzito. Kupunguza mzigo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuongeza uwezo, na uwezo hauuzwi dukani.

Wataalamu wa tiba ya viungo nao wasicheke, zamu yao imefika. Mgonjwa analala kitandani, anawekewa kitu cha moto, anapakwa jeli na kupitishiwa mashine ya mawimbi ya sauti, anakandwa dakika kumi, anaambiwa arudi Alhamisi. Analipa nauli ya matatu, analipa kliniki, anaomba ruhusa kazini, na mkono wake haujafanya hata kazi ya dakika mbili. Hiyo si tiba ya viungo, hiyo ni kubembelezwa. Mtaalamu mzuri atapima nguvu ya mshiko wako, atachunguza shingo na bega, atakufundisha zoezi, atakutuma nyumbani ukalifanye, na ukirudi ataongeza uzito. Wapo, tena wengi. Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya tiba ya viungo, na tangu sheria ya mwaka 2014 kuna baraza linalowasajili wataalamu hawa nchini. Muulize swali moja tu: "Nyumbani nifanye nini, na wiki ijayo niongeze nini?" Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

Sasa niwaeleze jambo linalonifurahisha kuliko yote. Huko Sweden, mtafiti Magnus Peterson na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watu 81 waliokuwa na kiwiko cha tenisi sugu. Unajua kifaa chao cha tiba kilikuwa nini? Mtungi wa plastiki wenye maji! Mgonjwa anakaa kitini, anashika mpini, anateremsha na kuinua kifundo, mara 15, seti 3, kila siku, kwa miezi mitatu. Wanawake walianza na kilo 1, wanaume kilo 2, na kila wiki waliongeza desilita 1 ya maji. Waliofanya zoezi walipata nafuu ya maumivu haraka kuliko waliosubiri. Mwaka 2014 wakarudia kwa watu 120, wakilinganisha kuteremsha na kuinua. Waliozingatia kuteremsha polepole walipata nafuu mapema na nguvu zaidi.

Mtungi wa maji, ndugu zangu. Nchi nzima hii kuna nyumba gani isiyo na mtungi uliokwisha mafuta ya kupikia? Nchi tajiri yenye hospitali za kila aina inatibu watu kwa mtungi, na sisi tunachanga pesa za sindano.

Namna ya kufanya ni hii, kwa kifupi:

1. Kaa, laza kigasha chako juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kifundo kikining'inia nje ya ukingo. Kwa siku za kwanza, kama kuteremsha kunauma sana, inua kifundo kidogo ukishike hapohapo bila kusogeza, sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano.

2. Ukishazoea, shika mtungi. Anza na maji ambayo unaweza kuyateremsha mara 15 bila kukunja uso. Nusu lita si aibu. Inua kwa msaada wa mkono mwingine, kisha teremsha na mkono mgonjwa peke yake, polepole, ukihesabu hadi nne. Mara 15, seti 3.

3. Ongeza kidogo kila wiki. Desilita 1 ni kama nusu kikombe kidogo cha chai. Usiruke.

4. Wiki chache baadaye ingiza mshiko wenyewe. Kunja taulo, ulifinye na kuachia taratibu. Kamua taulo lenye maji ukizungusha upande mmoja, kisha mwingine. Vaa mpira wa bendi kwenye vidole uvifungue. Beba ndoo yenye maji kiasi, tembea nayo uani. Wengi huanza na kufinya mpira siku ya kwanza, kisha wanalia mazoezi yamewaumiza. Mshiko unaitwisha mzigo kano ileile, kwa hivyo usianze nao.

5. Bega lisisahaulike. Bega dhaifu huutupia mkono kazi yake.

Maumivu? Yatakuwepo kidogo, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Maumivu ya kuvumilika wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho asubuhi kiwiko kisiwe kibaya kuliko jana. Kikiwa kibaya zaidi, punguza maji, usitupe mtungi. Wala usipumzike kabisa. Kano isiyobeba kitu inazidi kuwa dhaifu, na siku utakapolazimika kubeba gesi ngazi tatu utakuta hata ule uwezo wa mwanzo haupo.

Najua mtakaloniambia. La kwanza: "Si umesema mwenyewe asilimia 83 walipona kwa kusubiri?" Ndiyo. Wengi hupona ndani ya mwaka, na hiyo ni habari njema inayopaswa kumtoa mgonjwa hofu. Lakini mwaka ni muda mrefu kwa kinyozi. Isitoshe, anayesoma haya akiwa na mwezi wa kumi wa maumivu tayari amesubiri vya kutosha. Zoezi si muujiza. Ni njia ya kupunguza miezi ya mateso na kurudisha nguvu ambayo kusubiri hakuirudishi yenyewe.

La pili: "Mimi ni kibarua, nisipofanya kazi wiki hii watoto hawali. Nipe sindano." Hapo sina jeuri ya kumhukumu mtu. Wiki 6 za nafuu zina thamani kwake. Ninachotaka ni ajue anachonunua, na apewe mtungi pamoja na sindano, si sindano peke yake na kwaheri.

La tatu: "Huyu ni mtu wa tarakilishi, si daktari." Kweli kabisa. Ndiyo maana nawaambia mkachunguzwe kwanza. Si kila maumivu ya kiwiko ni haya. Ukiwa na ganzi au mchomo vidoleni, maumivu yanayoanzia shingoni, kiwiko kilichovimba na kuwa moto, homa, kiwiko kinachokwama, au uliumia kwa kuanguka, mtungi si wako. Nenda hospitali. Lakini kusoma nambari 92 na 69 na kuona ipi ni kubwa hakuhitaji shahada ya udaktari.

Na kwa waajiri wetu wenye ofisi za vioo: kabla hamjaagiza viti vingine vya bei mbaya, wapeni watu robo saa kwa siku waondoke mezani wafanye zoezi. Mtengeneza programu asiyeweza kushika kikombe hataandika programu yenu, hata mkimkalisha kwenye kiti cha enzi.

Miezi mitatu. Dakika kumi kwa siku. Maji ya bomba. Hakuna kampuni itakayotangaza tiba hii redioni kwa sababu hakuna wa kupata faida ila mwenye kiwiko. Basi acheni nitangaze mimi.

Anayepinga na aje na nambari zake hapa chini, uwanja ni wenu. Mimi naenda kujaza mtungi.